Walimtangazia Ugonjwa Wake

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa nipoe.

Mimi ni muuguzi. Nimezaliwa Nalufenya, hapa Jinja. Baba alikuwa dereva wa lori kutoka Kenya aliyeoa huku akabaki, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, na kwa kuwa huku Kiswahili kilijulikana kama lugha ya jeshi, majirani wakadhani baba ni askari. Kituo cha afya ninachofanyia kazi kina kibao mlangoni: vijana wanakaribishwa, siri zao zitatunzwa. Nilikiamini.

Msichana huyo alikuja siku ya kliniki ya wajawazito, mabenchi yamejaa. Alikuwa mwanafunzi kutoka Budondo, amevaa sweta ya shule juu ya gauni la nyumbani. Alimwinamia mkuu wa zamu dirishani akanong'ona.

"Sema kwa nguvu, sisikii."

Akanong'ona tena. Mkuu wa zamu, mama mtu mzima aliyenifundisha kazi, akageukia mabenchi na kupaza sauti. "Mtoto wa shule huyu, anatokwa na uchafu huko chini! Nenda ukamlete mzazi wako. Au mlete huyo mwanamume wako, nimwone!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa chumba cha pili namchoma mtoto chanjo, nikasikia kila neno. Nilipotoka mbio, msichana alikuwa ameshapanda bodaboda.

"Yule angepona kwa vidonge tu," nilimwambia mkuu wa zamu. "Je, angekuwa binti yako?"

"Binti yangu hawezi kufanya mambo hayo," alinijibu, akaita mgonjwa mwingine.

Zaidi ya mwezi ukapita. Kisha mama yake akamleta, amemshikilia kwenye pikipiki asianguke. Alikuwa na homa kali, na tumbo limekaza, haligusiki. Baada ya kufukuzwa alinunua vidonge dukani kwenye senta ya biashara ya kwao, vya rangi mbili, bila kuelezwa ni vya nini. Tulimpeleka hospitali kubwa, akapasuliwa, usaha ukatolewa. Mrija mmoja wa uzazi uliondolewa. Kuhusu wa pili, daktari alisema tumwachie Mungu.

Nilimkuta mama nje ya wodi, ameketi kwenye nyasi na chupa ya uji.

"Musawo," alinianza, jina tunaloitwa sote wenye koti jeupe, "anasema alikuja kwenu mapema. Alikuja kweli?"

"Alikuja, mama."

"Na nyinyi mkafanya nini?"

Nikamweleza yote. Hakulia. Alifunga kifuniko cha chupa, akafungua, akafunga tena.

"Angeniambia mimi, ningempiga," alisema. "Najijua. Lakini nyinyi mmesomea hii kazi."

Mwanamume aliyemwambukiza hakuna aliyemtangaza mahali popote.

Muda si mrefu nikatumwa Mbale, kwenye mkutano wa wilaya za mashariki kuhusu afya ya uzazi ya vijana. Ukumbi wa hoteli, chai na sambusa, wanaume wengi wenye suti. Mwenyekiti, ofisa mstaafu wa magereza, alizungumza asubuhi nzima juu ya maadili. Nikasimama bila kupewa nafasi, nikaeleza habari za yule msichana, bila kumtaja, na bila kupunguza kitu.

"Binti, unataka tugawe kondomu kwa watoto?" aliniuliza.

"Afande, nataka mtoto akija kwangu mgonjwa, atoke ametibiwa. Huyu tulimfukuza, akakatwa tumbo. Hayo ndiyo maadili?"

Ndipo dada mmoja wa kiwandani, kutoka eneo la viwanda la Mbale, akanyoosha mkono. "Sisi tunatoka kazini jioni, kliniki imefungwa. Asubuhi tukiomba ruhusa, msimamizi anauliza tunaumwa nini. Tumwambie?"

Mwenyekiti akatangaza chakula cha mchana.

Niliporudi Jinja nilionywa kwa utovu wa nidhamu. Sikuomba radhi. Niliomba stoo, ile iliyojaa vitanda vibovu, na nikaiomba kila wiki mpaka mkuu wa kituo akachoka. Sasa ni chumba chenye mlango unaofungwa na nafasi ya watu watatu. Tunawapokea vijana jioni, wavulana pia, na hakuna anayesemea haja yake dirishani. Mkuu wa zamu bado yupo mapokezi. Hajawahi kusema pole.

Msichana nilimwona sokoni Budondo, kwenye meza ya nyanya ya mama yake. Amekonda, lakini amerudi shule. Nikamweleza kuhusu chumba.

"Nashukuru, musawo," alisema, akipanga nyanya bila kuniangalia. "Nitawaambia wenzangu. Mimi pale sikanyagi tena."

Nikanunua nyanya, nikaondoka. Njiani nilitembea haraka, meno nimeyauma, na mtu aliyenisalimia sikumwitikia.