Vigingi vya Reli ya Kasi Katika Maharagwe

Mwishoni mwa miaka ya tisini nchi yetu haikuwa na reli hata ya urefu wa uwanja wa mpira, na bado alikuja Gisenyi, mji wetu wa mpakani, mtaalamu wa kigeni wa kutafiti treni za kasi. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Goma na Kifaransa changu cha shule, sina kazi, akaniajiri niwe mkalimani wake. Alinieleza kwa upole kwamba treni ya namna hiyo haipendi kona wala mlima. Nikatazama vilima vya Rugerero, nikamwambia tuanze. Nilitaka mshahara.

Kwanza tulizunguka na dodoso. Swali la tatu liliuliza: kwa wiki unapanda treni mara ngapi? Nilimwambia swali hilo halina maana hapa, akasema dodoso ni lile lile kila nchi. Tukamwuliza mama yangu mdogo, mjane aliyenilea, ambaye alilima maharagwe Rugerero na kuyavusha mpakani ili akayauze Goma. Kwake, kumwacha mgeni bila jibu ni kukosa adabu. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba ni mara mbili, isipokuwa Jumapili. Mtaalamu aliandika kwa furaha.

Kisha tukaanza kupima njia ya treni, na mstari wake ukapita katikati ya shamba la mama mdogo. Vigingi vya chuma vilikuwa bado viko njiani, basi mtaalamu akaniagiza nikate miti yoyote ya kutumia badala yake. Mama mdogo, ili kazi ya wakubwa isikwame, akaturuhusu tukate ua wake wa chini, ule uliomtenga na jirani. Ulikuwa ua wa minyaa, miti ya utomvu mweupe ambayo kwetu huitwa imiyenzi. Niliukata hadi shinani, nikachomeka vijiti kimoja kimoja kufuata ule mstari, katikati ya maharagwe, mvua zikiwa zimeanza.

Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mnyaa ukichomekwa ardhini unaota, na kwamba pale unapoota kwa mstari ndipo shamba la mtu linapoishia. Hata mimi nilijua. Lakini siku hiyo nilikuwa nimevishwa kofia ngumu ya njano, na akili yangu yote ilikuwa kwenye kofia.

Mtaalamu aliaga akisema vigingi visiguswe mpaka atakaporudi. Hakurudi. Mama mdogo hakuvigusa, maana kitu kilichochomekwa na wakubwa hakichezewi. Vikachipua, vikanenepa, vikashikana. Msimu wa pili jirani, bila ugomvi wowote, akang'oa mashina ya ua wa zamani na kulima hadi kwenye ua mpya. Mama mdogo alipolalamika, akaitwa konseye, kiongozi wa sekta yetu, aje aone kwa macho yake.

Nilikwenda kutoa ushahidi, nimejaa maneno: utafiti, kasi, kona. Watu walinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Konseye akautazama ua, akauliza jambo moja tu.

"Donc, basi, hii miti, nani aliipanda?"

"Mimi," nikasema.

"We, mutoto wa hapa nyumbani?"

"Ndiyo."

Akaandika. Nusu ya chini, yenye udongo mzuri, ikawa ya jirani. Niliona aibu ambayo hadi leo sijaizoea, na hasira zaidi juu yangu kuliko juu ya mtaalamu, ambaye angalau hakujua mnyaa ni nini. Mama mdogo hakunigombeza. Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi nyumbani, jembe begani, aliniambia bila kunitazama:

"Mulisema hii treni iko mbio. Ni kweli. Imekuya, imebeba shamba yangu, imeenda, na mi ata sikuiona."