Hawe alisema "kukanda", ukuta ukapona kung'olewa

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi huwa nasoma nyuzi zenu na kuondoka kimya, leo ndiyo mara ya kwanza naandika. Shule niliishia darasa la nane na naandika polepole, kwa hivyo mnivumilie. Nitakayosema yalitokea kweli. Kama kuna mtu wa kwetu Tezo humu, atacheka kabla hajafika mwisho.

Naishi na bibi yangu, mama yake mama. Kwa Kigiriama bibi tunamwita Hawe, nami nitamwita hivyo hivyo.

Nyumba yake ni ya udongo. Nguzo, fito, halafu udongo juu yake. Ukuta wa mbele ndio unaopigwa na mvua, na masika yaliyopita ulibanduka hadi fito zikatokeza kama mbavu.

Kuku walikuwa wanapita ukutani. Mlango hawakuutaka tena.

Mjomba wangu Katana, anayefanya kazi hotelini Watamu, alikuja akautazama, akasema huu hautengenezeki. Ung'olewe wote, yapigwe mabati. Jumamosi angekuja na fundi. Wakati wa kazi Hawe angehamia kwake Watamu, mimi nirudi kwa mama Malindi.

Mjomba alipoondoka, Hawe akaniambia, "Godoro langu likitoka humu, halirudi. Mjomba wako atasema pumzika kidogo, pumzika kidogo, hadi nizikwe na watalii."

Sasa, tutengeneze au tung'oe?

Nilichukua msumari mrefu nikachoma kila nguzo chini karibu na ardhi, maana hapo ndipo mchwa huanzia. Nguzo mbili za pembeni msumari ulizama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Zilizobaki ziligoma kabisa. Basi ukuta haukuwa umekufa. Wagonjwa walikuwa nguzo mbili na udongo.

Lakini kukandika kunataka watu. Zamani mtu aliita mwerya, yaani jamaa na majirani wanakuja kufanya kazi pamoja, nawe unawapikia. Nikaandika kwenye grupu la ukoo: Jumamosi asubuhi njooni tukandike kwa Hawe.

Nikapata vidole gumba na visingizio. Shangazi mmoja alisema mgongo. Mwingine alisema ana mazishi, hakusema ya nani.

Nikamsomea Hawe. Akafikiri kidogo.

"Andika tena. Sema Jumamosi njooni kwa Hawe, kuna kukanda."

"Kukandika, Hawe?"

"Andika nilivyosema. Si wewe unayeandika polepole? Neno fupi litakufaa."

Nikaandika. Naapa sikuwaza mbali.

Kwa wale ambao si wa huku: kukandika ni ukuta. Kukanda ni mwili, na anayekandwa sana ni mwanamke aliyejifungua, kwa maji moto na mafuta. Nyumba ile ina wanawake wawili tu. Mmoja ni Hawe, ambaye meno yamemwisha. Wa pili ni mimi, ambaye kwa aibu zangu naweza kumaliza wiki bila kuonekana njiani.

Watu wakaona sasa wamejua kwa nini sionekani.

Jumamosi jua halijawa kali, ua ulikuwa umejaa. Mafuta ya nazi, unga wa uji, leso mpya. Shangazi wa mgongo alikuja wima kabisa. Hata Mama Sidi, aliyemzaa mke wa mjomba, alikuja na kuku mweupe kwapani. Wote wananitazama tumbo, mimi natazama vidole vya miguu yangu.

Mama Sidi ndiye aliyeuliza, "Haya, mzazi yuko wapi?"

Hawe akanyoosha fimbo ukutani. "Huyo hapo. Mbavu zote nje. Mkandeni."

Shangazi wa mgongo akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akakaa chini.

"Hawe, wewe ni mwongo mkubwa," Mama Sidi akasema.

"Mwongo vipi? Mimi sijui kuandika. Mwandishi ni huyu."

Wote wakanigeukia tena. Nilitamani kuingia kwenye lile tundu la ukutani walilopitia kuku.

Udongo tulikuwa tumeuchimba na kuulowesha tangu jana yake. Maji yapo, chungu kiko jikoni. Angeondoka nani bila kula? Wakafunga leso viunoni wakaanza.

Mjomba alifika na fundi, mabati juu ya pikapu. Akashuka na maneno yake tayari mdomoni, halafu akamwona mama mkwe wake, udongo hadi viwiko, anakandika kando ya mlango.

Wakuu, kwetu mkwe hapandishiwi sauti. Sasa umng'olee ukuta alioukandika kwa mikono yake, mbele ya watu? Si bora umrudishie na binti yake.

"Shikamoo, mama," mjomba akasema, macho chini.

"Marahaba. Umekuja kutusaidia?"

Mjomba akayatazama mabati. Akamtazama mkwe.

"Ndiyo, mama." Akakunja suruali.

Pembe mbovu ilikuwa bado haijaguswa, kwa hivyo fundi aliyeletwa kung'oa ndiye aliyebadilisha zile nguzo mbili. Mabati yakaezeka banda la kuku. Yule kuku mweupe hakuliona, tulimla siku ile ile.

Godoro la Hawe liko pale pale lilipokuwa.

Nilichojifunza: kabla hujasikiliza mtu yeyote, choma nguzo zako mwenyewe. Zikioza mbili, badilisha mbili. Zikioza zote, usipoteze udongo wako. Na bibi akikuambia neno fupi, lisome kwa sauti kabla hujatuma.

Wenye nyumba za udongo humu, nyinyi mnachanganya nini udongo usipasuke? Sisi tulitia mchanga na mavi ya ng'ombe. Semeni, nitasoma yote, hata kama kujibu nitachelewa.

Sokoni bado kuna mama mmoja ananiuliza mtoto anaendeleaje. Namjibu amekauka vizuri.