Mashine za Kiilu hazidanganyi, isipokuwa moja

Saa tatu asubuhi, kitanda cha Mama Wangeci kimeshaondoka Komarock. Kiko juu ya pikapu, miguu ikitazama mbingu, pamoja na jiko, masufuria na kuku wawili ndani ya katoni. Mwenyewe, mwanamke wa miaka 78, amekaa mbele karibu na dereva, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba mna sahani moja ndogo ya santuri iliyofungwa kwa leso.

Anahamia Njabini, kwa mwanawe Wachira. Nyumba aliyoishi Komarock miaka mingi imeshapata mpangaji mwingine. Lakini pikapu haiendi Njabini moja kwa moja. Inasimama Kariokor, nyuma ya soko, mbele ya kibanda cha mabati cha fundi Kiilu.

"Dakika kumi tu," Sally, binti wa Mama Wangeci, anamwambia dereva.

"Dakika kumi za saa ama za Kariokor?" dereva Muriuki anauliza, akizima injini.

Sally, ambaye huuza mayai, amekuja kuchukua mashine ya zamani ya santuri ambayo Kiilu ameihangaikia kwa wiki tatu. Bila mashine hiyo hakuna safari. Mama alikubali kuhama kwa sharti moja: mumewe aende naye. Mumewe, Dedan Mbugua, alifariki mwaka 1994. Alikuwa mpiga gitaa, na mwaka 1974 alirekodi wimbo mmoja. Sahani iliyobaki ni hiyo iliyo kwenye leso. Mashine yao ya nyumbani iliungua zamani, ikaishia kwa wanunuzi wa vyuma.

Kiilu, mwenye miaka 63, hapokei pesa mlangoni. Anatoa kiti cha mbao, anakiweka nje, anampangusia mama vumbi.

"Keti, Mama Sally. Hapa mtu hanunui mashine mpaka aisikilize na sahani yake mwenyewe, mpaka mwisho."

Majirani wanakijua kiti hicho. Kikitoka nje, mafundi wa akala, viatu vya matairi, wanatua nyundo zao. Owino, ambaye hukata matairi mlango wa pili, anapiga mluzi, na mtaa mzima wa kugongagonga unanyamaza.

"Leo tunazika ama tunaoa?" anauliza.

"Nyamaza, Owino. Tunauza."

Kiilu alitoka Kitui mwaka 1983, darasa la saba mfukoni, akaajiriwa kufagia duka la kutengeneza redio. Alijifunza kwa kuchungulia. Kaseti zilipokuja, watu walitupa mashine za santuri kama maganda ya ndizi, naye akawa anaziokota. Duka lilifungwa. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyemletea hata mashine moja.

"Nilitengeneza pasi na birika za stima," anasema. "Mke wangu alikuwa anaziita mashine hizi wake wenza. Alisema wanakula nafasi na hawapiki."

Siku hizi wateja wamerudi, wengi wao vijana. Mwezi mzuri anauza mbili, kila moja kati ya shilingi elfu ishirini na elfu thelathini. Mwezi mbaya hauzi kitu. Ukanda wa mpira unaozungusha sahani anaukata mwenyewe kutoka kwa tyubu ya baiskeli, kwa wembe, bila rula.

Kitu kimoja tu hakubali: mwendo wa uongo. Ana karatasi ya duara yenye mistari. Akiiweka juu ya mashine inayozunguka, chini ya taa ya stima, mistari huonekana imesimama tuli mwendo ukiwa sawa. Mwenye baa mmoja aliwahi kumwomba aharakishe mashine kidogo ili watu wacheze zaidi. Kiilu alimrudishia amana yake. "Mashine zangu hazidanganyi," alimwambia.

Basi anashusha sindano. Gitaa linaanza, kisha sauti ya mwanamume, nzito, ya taratibu. Sally anamtazama mamake. Mama ameinamisha kichwa. Wimbo unaisha.

"Huyo ni nani?" Mama Wangeci anauliza.

"Ni Baba."

"Huyo si Mbugua. Huyo ni mzee fulani. Mbugua hakuzeeka."

Kiilu anaweka karatasi yake. Mistari imesimama. Anapiga wimbo tena. Mama anatikisa kichwa, anaifunga leso tupu na kuitia mkobani.

"Sally, siendi Njabini kuishi na mwanamume nisiyemjua."

"Mama, nyumba tayari ina watu!"

"Basi nitakaa hapa, na huyu wa viatu."

"Karibu, shosho," anasema Owino. "Lakini mimi pia ni mzee fulani."

Muriuki anatazama jua, anatazama kuku. Hakuna anayecheka sana.

Kiilu anachuchumaa mbele ya kiti. "Mama, ile mashine yenu iliyoungua ilikuwaje?"

"Ya kawaida. Ilikuwa na uzi mwekundu."

"Uzi wapi?"

"Pale chini, kwa kile kichuma kinachovuta mpira. Mpira ulilegea, Mbugua akafunga uzi kwa kichuma ndio ushike. Baadaye alisikia wimbo unakimbia. Akacheka, akasema afadhali hivyo, anasikika kijana."

Kiilu anatazama kichuma cha mashine yake. Kichuma kikinenepa, sahani huzunguka haraka na sauti hupanda. Familia hii ilimsikia Mbugua hivyo miaka yote. Sally hajawahi kumsikia vingine akiimba kwenye santuri.

"Owino, nipe uzi wa kushonea. Mwekundu."

"Na ile karatasi yako?" Owino anamchokoza.

"Karatasi haikuolewa na Mbugua."

Anazungusha uzi mara sita, anasikiliza, anaongeza mara mbili. Mara hii sauti inatoka nyembamba, changa, yenye haraka ya kijana anayechelewa mahali. Mama Wangeci anaanza kupiga goti kwa kiganja.

"Huyo," anasema. "Huyo alinisumbua sana."

Mashine inafungwa kwa blanketi na kuwekwa mbele, kwenye miguu ya mama. Pikapu inaondoka saa tano na nusu. Nyundo zinaanza tena.

Ndoto ya Kiilu ni chumba kimoja mbali kidogo na nyundo, chenye viti viwili, ambamo mtu anaweza kusikiliza sahani bila kuomba soko zima linyamaze. Ameanza kuweka akiba. Siku hizi, kabla ya kushika bisibisi, humuuliza kila mteja mashine ya kwao ilikuwaje.

Miezi saba imepita. Siku ile Muriuki alifika Njabini jioni na kuku mmoja. Mwingine aliruka njiani. Sally bado anauza mayai Komarock. Owino anadai kwamba hajarudishiwa uzi wake. Wachira alimwekea mamake soketi karibu na kitanda. Uzi mwekundu ulikatika wiki ya Pasaka, sauti ikarudi kuwa nzito, na Sally akataka kumleta fundi. Mama Wangeci alikataa. Anasema ameshamzoea huyo mzee.