Mtani Aliyekaa Ukingoni mwa Kaburi

Mama alizikwa Kilosa siku ya Jumatano, mimi nikiwa Ujerumani, kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado. Ningetoka, nisingeruhusiwa kuingia tena. Basi nikamzika mama yangu kwenye simu, nimevaa sare ninayoogeshea mama za watu.

Dada ndiye aliyenishikia simu kule makaburini. Mchungaji alishamaliza, jeneza liko tayari kuteremshwa, ndipo mtani wetu, mama mmoja wa makamo kutoka Mikumi, akaenda kuketi ukingoni mwa kaburi. Alikuwa amevaa kanga na kilemba cha mama.

"Hazikwi mtu hapa," akasema.

Kwetu mtani hakatazwi kitu msibani, najua. Lakini niliwaka! Nikamwambia dada, "Mtoe huyo!" Dada akazidi kunielekezea simu kwake.

Mtani akaanza kumwigiza mama. Akajifunga kanga vizuri, akaweka simu yake juu ya sahani, akaikodolea macho. "We jirani, usinipigie! Leo Jumapili, mwanangu atakuta simu inatumika." Akaiinua, akaipuliza vumbi, akairudisha kwenye sahani. Watu walicheka mpaka machozi. Walicheka kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umeyaona hayo Jumapili baada ya Jumapili, isipokuwa mimi. Mungu wangu! Jumapili ngapi nililala tu kwa uchovu, nikasema nitapiga kesho?

Kisha akachukua simu mkononi mwa dada, uso wake ukajaa kwenye kioo cha simu yangu. Sauti ilikuwa ya mama kabisa.

"Mwanangu, unarudi lini?"

Miaka tisa nilikuwa na jibu moja tu: mwakani, mama, Mungu akipenda. Tangu mwaka wa pili nilijua ni uongo. Safari hii kinywa kilikataa.

"Sijui, mama," nikasema. "Labda sirudi. Nisamehe." Nikaangua kilio, wenzangu wa kazini wakachungulia mlangoni.

Kule makaburini hakuna aliyecheka tena. Mtani akavua kanga ya mama, akaikunja, akaiweka juu ya jeneza. Akawageukia wanaume wenye makoleo.

"Haya, mzikeni," akasema. "Ameshajibiwa."