Anasomea Kitale

Magunzi ya mahindi yakiungua yana harufu yake, na mimi nikiinusa hata leo hutafuta pa kukaa. Si harufu mbaya. Ni tamu kidogo, na moshi wake hauwashi macho kama ule wa kuni mbichi. Katika shamba la mzungu nje ya Kitale, ukishapita Kibomet, ambako baba yangu alikuwa nyapara, tulipikia magunzi msimu wote wa mavuno kwa kuwa yalikuwa ya bure na yalijaa kila mahali. Nguo zilinuka magunzi, nywele zilinuka magunzi, uji wenyewe ulinuka magunzi. Wanaume walivunja mahindi kule shambani, na sisi wanawake na watoto tukakaa uani mwa ghala tukipukuchua tangu umande haujakauka, mpaka vidole gumba vikachubuka na kushika ugali wa moto kukawa adhabu. Hapo uani, nikiwa msichana wa miaka kumi na minne hivi, vita vya wazungu vimekwisha na vijana waliokwenda Burma wamerudi, ndipo nilipomwambia Mama kwamba mimi naona hakuna Mungu.

Lakini ngoja kwanza nieleze neno moja, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu Bungoma mtu hakuulizwa dini yake. Aliulizwa, "Unasomea wapi?" Wakristo wa kwanza walifundishwa kusoma na kusali kwa pamoja, kwenye benchi moja, na tangu hapo kusali kukaitwa kusoma. Bibi kizee asiyejua hata herufi moja alikwambia kwa kiburi kwamba yeye anasoma, tena alianza kusoma mchungaji wenu akiwa bado ananyonya. Swali hilo lilikuja baada ya salamu na jina la ukoo, na jibu lake lilikuwa mahali: nasomea pale, nasomea kule. Waliokuwa hawasomi walikuwa wazee wa mila, na hao nao walijulikana, wana mizimu yao na kuku wao wa kuchinja. Halafu siku hizo palikuwa na wale wa dini iliyopigwa marufuku upande wa mlimani, ambao askari waliwasaka nyumba kwa nyumba. Zaidi ya hao hapakuwa na mtu wa aina nyingine. Hata kumfikiria hakuna aliyeweza.

Mimi sikuwa na sababu kubwa. Watu wakisikia habari hii hukaa vizuri kwenye viti vyao wakingoja niwaambie ni nani alikufa. Jamani, hakufa mtu. Nilikuwa katika darasa la ubatizo la Mwalimu Yohana, mwalimu wa kanisa la pale shambani, mtu mpole aliyekuwa akikohoa kabla ya kutaja kila amri. Alituambia tufumbe macho tuongee na Bwana kimyakimya. Nikafumba, nikaongea, nikasikia ninaongea peke yangu. Nikajaribu jikoni, nikajaribu kisimani, nikajaribu kwa Kibukusu nikidhani pengine Kiswahili changu ndicho kibovu. Hakukuwa na mtu. Wala haikuniuma; ilinishangaza tu, na nilidhani wenzangu nao wanajua ila wanaona haya kusema. Nikamwuliza Wanjiru, rafiki yangu, binti wa jirani zetu waliotoka Ukikuyuni. Macho yakamtoka. "Wee! Nyamaza, radi itatupiga sisi wote!" Akajisogeza mbali nami, kisha akarudi, kwa sababu pale uani hapakuwa na kivuli kingine.

Kila mtoto wa darasa alitakiwa awe na jina la ubatizo kabla ya Krismasi. Mimi ni Nasimiyu, mtoto wa kiangazi, lakini Mama alikuwa amenichagulia Rebeka, na alikwisha kuanza kulizoea mdomoni. Rebeka leta maji. Rebeka funga mbuzi. Alilitamka kwa furaha iliyonitesa. Siku hiyo tulikuwa wawili tu kwenye lile rundo la mahindi, na aliponiita Rebeka nikasema haraka, kabla sijaogopa, kwamba mimi sitaki kubatizwa. Mama akatupa gunzi, akaniwekea kiganja tumboni.

"Ni nani?" akauliza.

"Nani nini?"

"Nani amekuharibu, mtoto wangu? Sema tu, sitakupiga."

Kwetu msichana aliyekataa maji ya ubatizo alikuwa na tumbo la kuficha, basi. Nikamwapia kwamba sina mimba, nikamwambia la ukweli: nimesali na kusali, naona hakuna mtu huko. Mama akaanza kunitafutia mlango. Je, ni wale wa mlimani wamenidanganya? Hapana, Mama. Ni nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita kukhu, amenivuta kwenye mila? Hapana. Basi ni kanisa la akina Wanjiru? Juzi tu alikuwa amesema watu wa kanisa lile wanaimba kama wanaogombana, lakini sasa uso wake ulijaa matumaini hata nikaona aibu. "Kama ni huko, si uniambie tu? Enda usome na wao. Mimi nitaongea na baba yako." Laiti ningeweza kusema ndiyo! Nikatikisa kichwa. Akainamisha macho akaendelea kupukuchua, na punje zikawa zinamwanguka nje ya gunia bila yeye kuziona.

Baba alipoambiwa hakunipiga, na hilo lilinitisha zaidi. Alikuwa mzee wa kanisa, na mzee ambaye nyumba yake haijatengenea huondolewa. Lakini si hilo alilolisema. Alisema, taratibu, kama anayemrekebisha kibarua mgeni, "Hakuna mtu wa namna hiyo." Nikamwambia, "Niko hapa, Baba." Akasema tena, "Hakuna." Kisha akaongea na Mama kana kwamba mimi nimekwisha toka chumbani. Akasema ikijulikana binti ya nyapara amekataa kusoma, hakuna atakayeuliza amekataa vipi. Watasema ni wale wa mlimani, na askari watakuja, na mzungu atatufukuza shambani sisi na mbuzi wetu. Akasema nipelekwe kwa kukhu Myanga, kwetu Bungoma, mpaka Krismasi ipite. Nilitaka kusema kitu, lakini kila neno nililokuwa nalo lilikuwa lile lile ambalo hawakulisikia.

Tulipanda lori la mahindi, tukashuka, tukatembea kipande cha njia kilichobaki, Mama mbele, mimi nyuma na kikapu. Pale Myanga ilikuwa siku ya soko, na kabla hatujafika kwa kukhu tukazungukwa na wanawake waliosali pamoja na Mama alipokuwa msichana. Wakamkumbatia, wakacheka, wakanigeuza huku na huku. Ala, huyu ndiye Nasimiyu? Amekuwa mrefu hivi! Na mmoja wao, mama mnene aliyebeba kuku kwapani, akauliza lile swali bila ubaya wowote, "Na huyu naye anasomea wapi?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Anasomea Kitale," akasema. "Anasoma vizuri sana."

Mama yangu hakuwa mwongo. Hilo mlijue vizuri. Mhindi wa duka alipompimia chumvi ikazidi, alirudi mjini kwa miguu kuirudisha, na yule Mhindi akamcheka. Akikaribishwa chakula na bado ana njaa, hakuweza hata kusema ameshiba ili aonekane na adabu. Aliamini kabisa kwamba waongo wataungua mahali pamoja na wauaji. Sasa alikuwa amesimama sokoni, kilemba cha kanisani kichwani, akidanganya mchana kweupe mbele ya watu waliompenda, na sauti yake haikutetemeka. Wanawake wakamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Mimi nikatazama miguu yangu.

Kesho yake tulipoteremka mtoni kuchota maji nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mama, jana ulidanganya."

"Beba mtungi."

"Lakini wewe husema..."

"Ulitaka niseme nini?" Akageuka. "Eti Nasimiyu, wewe uliye na maneno mengi, ungekuwa mimi ungesema nini pale?"

Nikaanza kulia, nikamwambia basi tuyaache yote, nitabatizwa, nitaitwa Rebeka, nitasimama na wenzangu. Nilikuwa tayari kweli. Ningeingia kwenye maji hayo mara zozote wanazotaka ili mambo yarudi yalivyokuwa. Mama akautua mtungi wake chini.

"Unaamini?"

Ningemdanganya hapo, yote yangekwisha. Lakini alikuwa ameniuliza yeye, na macho yake yalikuwa kwangu. "La," nikasema.

"Basi usiende kumdanganya Mungu. Watu waache, mimi nitawadanganya."

Akachota maji, nikamtwika, tukapanda.

Na akafanya hivyo. Kitale walipouliza mbona mtoto hakuonekana kwenye ubatizo, alisema nimebatizwa kwetu, nasomea Myanga kwa kukhu wangu. Myanga walipouliza, nasomea Kitale. Nilipofika miaka ya kuolewa na washenga wakataka kujua, nasomea Kitale. Watu wa pande hizo mbili walikutana mara kwa mara, kwenye mazishi, kwenye soko la Chwele, na kila mara nilimwona Mama akiwahi kukaa katikati yao ili mazungumzo yasifike huko. Alikonda kwa ajili hiyo, nasema kweli. Ningesimama niseme ukweli, ningemfanya mwongo mbele ya kanisa zima. Nikinyamaza, anaendelea kudanganya kesho. Baba yeye hakulitaja neno hilo tena mpaka anakufa. Kwake mtu wa namna hiyo hakuwako, na mimi nilipokaa mezani kwake alimkaribisha binti mwingine, yule anayesoma.

Mama alikufa mzee, nyumbani kwetu Kibomet, akiwa na akili zake zote. Mchungaji alikuja, wakasali, Mama akatubu mambo ambayo mtoto mdogo angeyacheka: hasira, wivu juu ya ng'ombe wa shemeji yake. Mchungaji alipoondoka nilikuwa namwosha miguu kwa maji ya vuguvugu. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ananikumbusha kufunga kuku, "Ile ya kwako sijaitubu." Nikamwomba aitubu. Mimi, nisiyeamini, nilimwomba mama yangu kwa machozi atubu kwa Mungu wake, mchungaji bado hajafika mbali, naweza kumkimbilia. Akakataa. "Kutubu ni kuacha," akasema. "Nikitubu, nikipona, wakiniuliza nitawaambia nini?" Hakupona.

Mjukuu wangu Wafula yuko chuo kikuu. Juzi Jumapili, mchungaji akiwa mgeni wetu, alisema mezani huku anatafuna, "Mimi bana hizo vitu siamini." Mchungaji akacheka, akamwambia ngoja maisha yakuguse, akaomba chapati nyingine. Mama yake Wafula akawapa wote wawili chapati. Ikaisha hivyo. Nilitoka nje nikajifanya natazama mboga, maana nilikuwa na hasira na sikujua ni hasira ya nini. Nilipaswa kufurahi, si ndiyo? Mtoto amesema alichonacho moyoni na hakuna aliyeungua kwa ajili yake. Ameshiba, amelala kwenye kochi, viatu miguuni.

Sijabadilika. Nikisali leo nitasikia ninaongea peke yangu, kama zamani. Lakini tangu siku tuliyomzika Mama, aliyekufa akiamini kwamba anakwenda kuulizwa juu ya uongo ule, nimetamani, tena sana, awepo mtu huko. Si kwa ajili yangu. Nimwambie tu kwamba Mama hakuwa mwongo.