Barua ya Pasta

Kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilitoka kwa madam niliyemfanyia kazi za ndani nikaenda kusali mtaa wa Bani Malik, katika chumba cha dereva mmoja Mkenya ambaye tulimfanya mwenyekiti wa ushirika wetu. Kosa hilo ni letu wenyewe. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, wafanyakazi wa nyumba za watu, tukiimba kwa sauti ya chini huku televisheni ikipiga kelele ili majirani wasitusikie, maana nchi ile ilikataza ibada kama yetu.

Mwenyekiti alisoma chuo cha Biblia muhula mmoja tu, na muhula huo ulitutesa. Hakuchoka kutusimulia habari za Waprotestanti wa zamani waliofukuzwa Ufaransa kwa ajili ya imani yao, wakavuka milima kukimbilia Geneva. "Sisi ndio wao," alisema, amevimba kama aliyevuka ile milima kwa miguu yake. Mateso yao hayakumgusa sana. Alichopenda ni kwamba mkimbizi akifika, wazee wa kanisa walimwomba barua kutoka kanisa lake. Basi na sisi tukapata sheria: bila barua ya pasta wa nyumbani, yenye muhuri, wewe si mshirika, na asiye mshirika haruhusiwi kulala kwenye magodoro ya ushirika, yaliyowekwa chumbani humo kwa wenye shida. Yangu aliiandika kaka yangu, akaipiga muhuri wa shule ya chekechea. Mwenyekiti aliisifu sana.

Ijumaa moja tulikuwa katikati ya wimbo mlango ulipogongwa. Akaingia mwanamke wa kwetu aliyetoroka kazini kule mbali Riyadh, amevaa ndara za bafuni. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikuwa ameshamripoti, na ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa imebaki kabatini kwa madam wake. Aliomba godoro kwa siku tatu tu, mpaka binamu yake wa mtaa wa Baghdadiyah arudi safarini. Akishikwa barabarani bila karatasi, ni kufungwa, kisha kurudishwa nyumbani.

"Karibu, dada. Uko na barua?" mwenyekiti alimwuliza.

"Ya kafili?"

"Ya pasta wako."

Alitutazama mmoja mmoja, akidhani ni mzaha.

"Bosi, mimi hata viatu sina."

"Si mimi, ni utaratibu. Nitajie kanisa lenu, nitawaandikia mwenyewe. Ikifika, halas, yamekwisha, wewe ni wetu."

Akaliandika jina la kanisa kwa mwandiko wa madaha, mjinga yule. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Ningeweza kusema kwamba muhuri wa chekechea ulitosha kuniingiza, lakini niliogopa barua yangu isije ikachunguzwa. Ninajidharau kwa hilo hadi leo, ingawa yeye ninamdharau zaidi, na sioni haya kusema.

Tulimfungia chapati mbili, akashuka ngazi. Tukaendelea na wimbo kutoka ubeti tuliokuwa tumeuachia. Alishikwa jioni hiyo hiyo. Binamu yake ndiye aliyetuambia aliporudi safarini.

Ijumaa ya tatu baada ya hapo barua ikaingia kwenye simu ya mwenyekiti, ina muhuri wa kweli wa kanisa. Alisimama akaisoma yote, sauti ikimtetemeka kwa furaha: dada huyu ni mshirika mwema, tunaomba apokewe. Kisha akasema wanaokubali wainue mikono. Dada mwenyewe alikuwa kizuizini akingoja ndege. Mikono kumi na mmoja ikapanda, na wangu ukiwemo.