Kichupa Kwenye Tangi la Baridi

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: itakuwaje nikizeeka maabarani, nikiua seli za saratani kwenye sahani za plastiki, huku nje wagonjwa wakiendelea kufa vilevile?

Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kazi kwenye maabara ya utafiti wa saratani, nikarudi kukaa na mama karibu na mtaa wa Fedha. Kisha ujumbe ukaingia kwenye simu kutoka kwa mkuu wangu wa zamani: "Nafasi ya msaidizi imepatikana. Unarudi?" Neno moja tu lilitakiwa. Nikaandika ndiyo, nikafuta. Nikaandika hapana, nikafuta upesi zaidi.

Na bado niliitamani ile maabara kama mtu anavyotamani kwao. Mngurumo wa kabati la kuchuja hewa. Harufu ya spiriti iliyobaki viganjani hadi jioni. Hata Jumapili nilizokosa kanisa nilizitamani, maana seli hazijui Jumapili, zinataka kulishwa. Zaidi ya yote nilikikumbuka kichupa changu. Siku ya mwisho niligandisha seli za saratani ya titi nilizozikuza mwenyewe, nikaandika herufi zangu kwenye kifuniko, nikakishusha ndani ya tangi la baridi kali. Mvuke mweupe ukakifunika.

Nilipomsimulia, mama aliniuliza, "Mwenye hizo seli yuko wapi?"

"Alifariki zamani, mama."

"Na bado zinakua? Basi huyo hajapumzika." Akaendelea kukunja nguo. "Laiti dada yangu naye angepata mtu wa kumhangaikia hivyo."

Mama mkubwa alikufa kwa ugonjwa huohuo. Nyumbani hatumtaji sana.

Jumamosi nilimsindikiza mama soko la Gikomba, anakouza mitumba. Belo, lile furushi kubwa la nguo, ikifunguliwa pale hakuna foleni: unashika kwanza, unakagua baadaye. Kamba zilipokatwa, katikati ya magauni likatokea koti jeupe refu, la maabara kabisa, vifungo vyote vipo. Nikasimama. Litanitosha? Na nisiporudi, nitalivaa wapi? Mkono wa mwanamume ukapita juu ya bega langu ukalichukua.

"Hilo nilikuwa naliangalia," nikamwambia yule mwanamume.

"Macho hayashiki nguo, msupa," akasema, tayari analijaribu. "Mimi nina bucha. Nyama inaningoja."

"Msomi wangu!" mama akapaza sauti. "Kwani ulikuwa unaliombea?" Wauzaji wenzake wakaangua kicheko.

Nilicheka nao, lakini mawazo yalikuwa kwenye kichupa. Seli hugandishwa polepole, pamoja na dawa ya kuzikinga na barafu. Kuziamsha lazima kuwe haraka, kwa sababu dawa ileile iliyozihifadhi kwenye baridi huzidhuru zikichelewa nayo kwenye joto. Kazi hiyo niliifanya mara nyingi na mikono yangu haikuwahi kusita. Sijui mahali pengine ambapo niko hivyo.

Lile swali sikulijibu. Huenda dawa tunayoitafuta isipatikane nikiwa hai. Nikajipenyeza nyuma ya kibanda, kwenye kelele za nyundo za maseremala, nikampigia mkuu wangu. Ujumbe ningeufuta.

"Narudi," nikasema kabla hajamaliza salamu. "Nakuja Jumatatu. Na kichupa changu, bado kipo?"